Vyoo Kumi na Moja na Taa Moja ya Bluu

Ukoo wa marehemu Mzee Nassor wa Wazo unasikitika kutangaza kifo cha jina zuri la Bi Hayat binti Seif, mpishi mkuu wa shughuli zote za ukoo kwa miaka ishirini na tisa. Kifo hicho kimetokea Jumapili alfajiri, katika vyoo kumi na moja tofauti vya jiji la Dar es Salaam, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie mawifi wa Temeke, mashemeji wa Mikocheni, binamu wa Manzese na popote pale bando linapofika. Maziko yatafanyika Ijumaa baada ya swala ya alasiri, sebuleni kwa marehemu mwenyewe. Chakula hakutakuwa.

Redioni tangazo hilo halikusomwa, ila lilienea kuliko redio. Mtangazaji alikuwa Maisa, wifi yake Bi Hayat, muuza madera wa Temeke, aliyerekodi sauti ya dakika nne kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akikatiza mara mbili kwenda kulekule alikokuwa anakusimulia. Watu arobaini na watatu, alisema Maisa, walikuja juzi kwenye hitma ya mama yetu, Mungu amrehemu. Kumi na mmoja kati yao, yeye mwenyewe akiwemo, tangu jana hawajapata nafasi ya kukaa mahali pengine.

"Jamani, mie simsemi mtu," alimalizia, akashusha pumzi ya mtu anayekaribia kumsema mtu. "Ila pilau."

Bi Hayat aliisikiliza sauti ile amesimama jikoni, mwiko mkononi. Akaisikiliza tena. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mabega ya kugeuza masufuria ambayo shemeji zake waliyaogopa hata yakiwa matupu. Tangu aolewe na Abdulsamad hakuna arusi, akika wala arubaini ya ukoo ule iliyopita bila yeye kukaa mbele ya moto. Wenzake katika ukoo walikuwa na maduka, wengine viwanja, mmoja alikuwa na lori. Yeye alikuwa na masufuria saba na sifa. Na wiki tatu mbele ilikuwa arusi ya Salsabil, binti wa shemeji yake mkubwa, mtoto ambaye Hayat alimwahidi biriani ya arusi tangu angali ananyonya.

Kwa hiyo hakulia. Alisema neno moja ambalo halikuwa dua, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Ijumaa walikuja. Wakakaa kwenye makochi ya Abdulsamad, makochi ya miaka minane ambayo hayajawahi kukaliwa hata mara moja, maana kilichokaliwa ni nailoni. Abdulsamad alikuwa na duka la magodoro Manzese, na dini yake ya pili ilikuwa kutochana nailoni ya kitu kipya. Makochi yalikuwa na nailoni. Rimoti ilikuwa na nailoni. Friji bado lilikuwa na stika ya kueleza uzuri wake kwa mteja. Godoro la chumbani lilikuwa na nailoni pia, na kwa sababu hiyo hakuna siri nyingi katika nyumba ile. Mtu akigeuka ubavu, jirani anajua. Siku ya joto kama ile wajumbe wa kikao walikuwa wakiinuka kochini kwa sauti ya plasta inayobanduliwa.

Mwenyekiti alikuwa Azzam, kaka mkubwa wa Abdulsamad, mzee mwenye sauti nzuri na hotuba ndefu. Naye alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alichagua kiti kilicho karibu na mlango wa choo.

"Shemeji Hayat," alianza, "sisi hatukuja kulaumu. Tumekuja kwa mapenzi."

"Karibuni. Laumuni tu, chai inachemka."

"Nyama labda ililala," alisema Maisa. "Umri nao, wifi. Mtu anasahau. Sema tu umekosea, tukusamehe, yaishe. Kwenye arusi utakaa mbele, umevaa, unapumzika. Kuna mpishi wa kukodi yuko Mbezi, anavaa na kofia."

"Kofia inapika?"

"Usitupandishie sauti, wifi."

"Sijapandisha. Nauliza. Maana mie kofia sina, nina mwiko."

Azzam akakohoa kikao kirudi kwenye mstari. "Neno dogo tu, shemeji. Radhi. Watu kumi na mmoja wameumia."

"Nawapa pole wote kumi na mmoja," alisema Hayat. "Pole natoa bure. Radhi sitoi. Nyama ile nimechinjiwa saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili ikawa motoni, saa saba mmekula. Ilale saa ngapi, na ilalie wapi?"

Akamtazama mumewe. Abdulsamad alikuwa anaisugua rimoti kwa kidole, juu ya nailoni yake, kama mtu anayemtuliza paka. Kumi na mmoja si wachache, alisema mwishowe. Ndiyo yote aliyosema.

"Haya," alisema Hayat. "Ijumaa ijayo mje tena hapahapa, saa hizihizi. Kabla ya hapo mtu asimlipe mwenye kofia hata shilingi."

"Umetuita wewe?" aliuliza Maisa.

"Nimewaita mie. Kwani nyumba ya nani?"

Kesho yake alimwendea jirani yake Kokushubila, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, ambaye kwenye hitma alikula sahani tatu za pilau bila aibu wala matatizo. Mwalimu alikuwa anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, kazi ambayo kustaafu hakukuweza kumwachisha.

"Mwalimu, niambie ukweli. Pilau langu lilikufanya nini?"

"Lilinifanya nikatamani sahani ya nne, Mama Mazin. Niliona haya mbele ya mashehe."

"Na ulikunywa nini?"

"Soda. Mimi maji ya watu sinywi, unanijua. Hata nyumbani kwa askofu nilibeba chupa yangu."

Mpishi ana hesabu zake ambazo hazihitaji daftari. Anakumbuka sahani iliyokwenda na sahani iliyorudi. Alikuwa anazipanga kichwani tangu Jumapili, na kila alipopanga kulikuwa na sahani moja isiyokaa sawa. Ilikuwa ya Azzam. Azzam ana sukari, daktari amempiga marufuku wali, na sahani yake siku ile ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, kachumbari pembeni, kijiko kikavu. Alichoagiza yeye ni maji. Alikuwa ametoa mawaidha dakika hamsini, koo limekauka, akaletewa jagi zima.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Mtu hajala punje, kaharisha. Mtu kala sahani tatu, mzima. Wewe ungemfelisha nani?"

"Maji," alisema Kokushubila, akaifunika kalamu.

Sasa hapo ndipo palipouma. Maana maji ya nyumba ile, kama kuna kitu Hayat alikijali kuliko masufuria yake, ni hayo.

Miaka sita nyuma aliugua homa ya matumbo mpaka nywele zikapukutika. Mwanawe Mazin, aliyeko Maskati, akatuma mtambo. Ulifungwa kwenye ukuta wa korido nyuma ya jikoni: vikopo viwili vyeupe vya machujio, na kando yake bomba la chuma cha kung'aa, urefu wa mkono. Ndani ya bomba kuna mrija wa kioo, ndani ya mrija kuna taa. Maji yanapita kati ya chuma na kioo, mwanga unaua vijidudu, mwenye nyumba anakunywa. Mazin alieleza kwa simu mara moja, na mama yake akashika kama anayeshika sura fupi.

Chujio la kwanza, la kukamata taka, miezi mitatu. La mkaa, miezi sita. Mrija wa kioo kila mwezi uchomolewe uloweshwe kwenye siki, kwa sababu maji ya kisima cha Wazo yana chokaa, na kioo kikishavaa koti jeupe mwanga hautoki. Umeme ukikatika, funga koki, chemsha. Na taa ibadilishwe kila mwaka, hata kama inawaka. Tarehe zote zilikuwa kwenye kalenda ya buchani, zimezungushiwa duara.

Hiyo ya mwisho ilikuwa vita ya kila mwaka.

"Inawaka!" Abdulsamad alikuwa akisema. "Mwanamke, taa inawaka, unaitupaje? Mie na wewe tunabadilishana kila mwaka?"

"Inawaka kwa macho yako. Kuua haiui tena. Hata wewe unaongeaga sana, ila duka nani anafungua?"

Mwaka huu tarehe ya taa iliangukia Hayat akiwa Tanga, akimuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Aliporudi Alhamisi, siku mbili kabla ya hitma, mumewe alimpokea mlangoni na kifua mbele. Taa nimenunua, alisema. Na nimeifunga mwenyewe. Hayat aliguswa mpaka akasahau kumwuliza bei. Alikwenda korido, akachungulia kwenye kifuniko cha juu, akaona ule mwanga wa bluu, akasema alhamdulillahi, akaanza kuchambua mchele.

Mwanga. Aliona mwanga akaridhika, yeye aliyewafundisha mtaa mzima wasiuamini.

"Fungua basi uangalie," alisema Kokushubila.

"Sifungui."

"Kwa nini?"

"Nikifungua peke yangu nikakuta kitu, Maisa atasema nimekiweka. Nitafungua mbele yao."

"Na ukifungua mbele yao ukakuta kizima, Mama Mazin?"

"Basi nitaomba radhi, na mwenye kofia apike. Na mwiko wangu nitampa."

Wiki ile nyumba nzima ilikunywa maji ya kuchemsha, na Abdulsamad akanung'unika kuhusu gesi. Aliuliza mara tatu kuna nini. Alijibiwa mara tatu kuwa Ijumaa ataona.

Ijumaa walifika wote, na wengine ambao hawakualikwa, maana habari ya Bi Hayat kuita kikao ilikuwa tamu. Salsabil mwenyewe alikuja, bibi arusi mtarajiwa, akasimama nyuma ya baba yake na simu mkononi. Kokushubila alikuja na chupa yake ya maji. Nailoni zikalia, watu wakaketi.

"Msikae," alisema Hayat. "Twendeni korido."

"Korido kuna nini?" aliuliza Maisa.

"Kuna marehemu. Njooni mumuoshe."

Wakajibana pale, watu kumi na wawili kwenye nafasi ya watatu. Hayat alikuwa ametandika gazeti sakafuni, ameweka beseni, chupa ya siki, spiriti, pamba na kitambaa cheupe. Lakini kabla hajagusa mtambo aligeuka.

"Shemeji Azzam. Nakuuliza kwa heshima, wewe ndiye mkubwa wetu. Siku ya hitma ulikula nini?"

Azzam akatazama dari. "Siku ile... tulijumuika."

"Pilau ulikula?"

"Daktari kanikataza."

"Kachumbari?"

"Sikugusa."

"Nyama?"

"Shemeji, mbona kama niko mahakamani?"

"Wiki iliyopita nilikuwa mie. Nyama?"

"Sikula kitu," alisema Azzam, na sauti nzuri ikapungua. "Nilikunywa maji tu."

"Jagi zima."

"Jagi zima."

"Na ukaharisha."

Salsabil akacheka, akajifanya anakohoa. "Baba! Ulikuwa unamhukumu mtu kwa pilau ambalo hukula?"

"Nilikuwa mwenyekiti," alisema Azzam, kana kwamba hilo linajibu swali, na kwa kweli katika nchi hii mara nyingi linajibu.

Hayat akachomoa plagi ukutani. Akafunga koki ya kuingizia, akafungua bomba la sinki kutoa presha. Abdulsamad akajipenyeza mbele. "Utaivunja. Taa mpya ile, haina hata mwezi. Umeona mwenyewe inawaka!"

"Nimeona. Ndiyo kosa langu hilo." Akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Niliona inawaka, sikufungua. Hilo nalibeba. Mengine tusubiri."

Akazungusha kifuniko cha juu. Akaizungushia taa kitambaa, maana kioo chake hakishikwi na vidole vitupu, akaanza kuivuta, polepole, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Ilipanda sentimeta kumi. Ikapanda ishirini. Maisa akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa chuma.

Ikatoka yote.

Ilikuwa imevaa nailoni. Kutoka kichwani hadi miguuni, nailoni ileile ya dukani, imebana vizuri, mwishoni imekunjwa na kutiwa selotepu kwa mkono wa mtu mwangalifu sana. Joto na mwanga vilikuwa vimeigeuza rangi ya kahawia, imekunjamana kama ganda la kitunguu. Mwanga wa bluu ulipita ukaonekana. Ule mwingine, usioonekana, ambao ndio unaofanya kazi, ulikuwa umeishia humo ndani, unapambana na mfuko.

Bomba la sinki lilidondosha tone moja, na jingine.

"Abdulsamad," alisema Azzam.

Abdulsamad alikuwa anaitazama nailoni ile kwa huzuni ya kweli. "Nilitaka ikae," alisema. "Vitu vya siku hizi haviwekwi wazi, vinachakaa. Hata selotepu niliongeza mimi."

"Uliongeza?" alisema Maisa. "Kaka! Siku mbili niko chooni, kumbe umenivishia taa kama godoro?"

"Mie nilikuwa naitunza!"

"Ungetutunza sie!"

Watu wakacheka, kwanza kidogo, halafu korido nzima, mpaka binamu mmoja akashika ukuta. Hayat hakucheka. Alikuwa anaibandua nailoni kwa kucha, kipande kwa kipande, akiviweka kwenye gazeti mbele ya miguu ya mumewe. Mabaki yaliyoganda aliyafuta kwa pamba yenye spiriti. Akachomoa na mrija wa kioo, akaulaza kwenye siki.

"Lakini wifi," alisema Maisa, ambaye kunyamaza kulikuwa kunamuumiza, "hata wewe ungekuwa umefungua siku ile ile..."

"Nimeshasema. La kwangu nimelisema mbele za watu. La kwako ulilisema kwa dakika nne kwa watu mia moja na sita. Simu iko wapi?"

Maisa akaificha kwenye mtandio. Hayat hakumfuata. Alimnyooshea mkono mumewe, naye, baada ya kutazama huku na huku akakuta hakuna kichochoro, akatoa simu yake, ikiwa ndani ya nailoni. Akarekodi. Ilikuwa sauti ya kwanza Abdulsamad kuituma kwenye kundi lile tangu liundwe, na ilikuwa na sekunde tisa. Assalaam alaykum. Si pilau. Ni maji. Taa nilifunga mimi na mfuko wake. Samahanini.

Majibu yakaanza kulia kwenye simu zote za korido. Binamu wa Manzese aliuliza kama lile godoro alilonunua dukani mwake anaruhusiwa kulitoa nailoni au naye ataugua.

Hayat akaurudisha mrija wa kioo, akakaza kipete cha mpira, akarudisha taa, sasa ikiwa uchi kama ilivyozaliwa. Machujio akayatoa, akamimina klorini kwenye vikopo, akafungua koki zote za nyumba mpaka harufu ikasikika kila mahali, akazifunga. Nusu saa ikae, alisema, halafu imwagwe, machujio yarudi, taa iwashwe. Alipokuwa anafungua vikopo maji yalimwagika, na korido ilikuwa imelowa kutoka mlango wa jikoni mpaka wa choo. Wageni wote walikuwa wamesimama ndani yake na soksi.

Ndipo Azzam, ambaye hakuwahi kuacha kikao kife bila hotuba, alipoinua mkono. Alisema historia ya ukoo ina mitihani. Alimtaja marehemu baba, marehemu mama, na uvumilivu. Alisema haki imesimama. Alisema kofia ya Mbezi imefutwa rasmi, na kwamba yeye binafsi, kama mwenyekiti na kama baba wa bibi arusi, anaomba radhi bila kupunguza neno. Salsabil alikuwa anarekodi. Kwa kauli moja, alihitimisha Azzam, sauti nzuri imerudi yote, ukoo wa Mzee Nassor unamrudishia Bi Hayat binti Seif masufuria yake, heshima yake na nafasi yake mbele ya moto, leo, katika arusi ya binti yetu, na daima. Baadhi walikuwa na machozi, ingawa huenda ilikuwa klorini.

"Shemeji," alisema Azzam, "ukoo mzima unakusikiliza. Una neno gani?"

Bi Hayat alikuwa ameshika dekio.

"Nitapika," alisema. "Inueni miguu, nipige deki."